Nani Kasema Imekufa?

Kuna neno moja ambalo limenikera kwa muda mrefu hapa mjini Dodoma, nami leo nataka kulisema bila kumung'unya. Neno lenyewe ni "imekufa". Redio ikikoroma, imekufa. Pampu ya kisima ikigoma, imekufa. Kompyuta ikiwashwa na kioo kikabaki cheusi, imekufa, na hukumu hii ya kompyuta hutolewa haraka kuliko zote. Mimi nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na katika miaka yote hiyo sikupata kumpa mwanafunzi alama kwa jibu lisiloonyesha njia. Sasa naona watu wazima wakilipwa fedha kwa jibu la namna hiyo hiyo, na wenye mali wakiondoka wameinamisha vichwa kama waliotoka mazikoni.

Nitaeleza kisa kimoja, kisha nitasema ninaowalaumu.

Mwaka jana, katika mwezi wa Agosti, wakati ambapo upepo wa kiangazi huingiza vumbi hadi ndani ya sahani ya mboga, mpwa wangu alifika kwangu Kikuyu ameikumbatia kompyuta yake mpakato, hizi ambazo vijana huziita laptopu. Hata "shikamoo mjomba" aliitoa kwa sauti ya kulia. Ndani ya kompyuta ile ilikuwamo ripoti yake ya mwisho ya chuo. Kwa miezi miwili alikuwa amezunguka Mpunguzi na Hombolo akihoji wakulima wa zabibu: wanauza kwa nani, wanalipwa lini, mwaka ambao wanunuzi hawaji wanafanya nini. Ripoti ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mashine yenyewe ni kuukuu. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, nayo ilikuwa imeshindwa kubeba Windows mpya. Mwenzake wa chuo akamwekea Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, na ambao tangu hapo umejengwa na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali. Kompyuta ikafufuka, ikafanya kazi mwaka mzima bila kusumbua. Ijumaa usiku akakubali masasisho yaliyokuwa yakimngoja. Asubuhi akawasha: giza.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa amempelekea fundi mmoja mjini. Fundi akabonyeza kitufe cha kuwashia, akatazama kioo, akatoa hukumu kabla chai yake haijapoa. Bodi imekufa, alisema. Kuipata nyingine ni laki mbili na nusu. Au, kama bahati ipo, "nikupigie Windows upya", maana yake kufuta kila kilichomo na kuanza tena. Hakuuliza jana kulitokea nini. Hakuuliza kilichomo ndani. Kama binti angekuwa na fedha mfukoni, miezi miwili ya wakulima wa zabibu ingefutwa kwa dakika ishirini, tena kwa risiti.

Tukaiweka mezani. Nikamuuliza swali ambalo fundi hakuuliza, akanieleza habari ya masasisho. Nikaiwasha. Nembo ya kiwanda ikatokea kiooni, safi, haina doa. Nikamwambia, "Umeona?"

Ndugu msomaji, hapo nusu ya kesi ilikuwa imekwisha. Kioo kilichokufa hakionyeshi nembo. Taa ya nyuma ya kioo ikiungua, nembo haiangazwi. Waya mwembamba unaopita kwenye bawaba ukikatika, nembo haifiki. Basi kioo ni kizima, taa ni nzima, waya ni mzima, na kadi ya picha inaweza angalau kazi ndogo. Kilichobaki ni kujua nini hutokea baada ya nembo.

Ikaja orodha ya kuchagua mfumo, kisha weusi. Tukangoja dakika moja. Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kijitaa chake kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazimika. Mashine iliyoganda kwa kawaida haijibu kitufe hicho. Tena tulikuwa tumesikia mlio wa ngoma ambao mfumo wake huupiga ukifika kwenye ukurasa wa kuingilia. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa imeamka, imefungua mlango, na inamngoja mgeni atie nywila. Nikamulika kioo kwa ubavu kwa tochi ya simu, kwa sababu mara nyingine picha ipo ila taa ya nyuma imezimwa, na kwa tochi huonekana hafifu kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Hapakuwa na picha. Ndipo nikabonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3, vitufe vinavyoita ukurasa wa maandishi matupu. Herufi nyeupe zikajitokeza katika giza lile, zikiuliza jina la mtumiaji.

Mpwa wangu alishika mdomo kwa mikono miwili.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutibu. Tuliingia kwa maandishi, tukachomeka flashi, tukanakili ripoti na mahojiano yote. Huu ndio utaratibu, na kila fundi anapaswa kuapishwa kwa huo: okoa mali ya mtu kwanza, mashine baadaye.

Kisha tukaiuliza mashine yenyewe. Linux huweka orodha ya milango yote ya picha iliyonayo, na kwa kila mlango huandika kama umeunganishwa au haukuunganishwa. Orodha ilisema: kioo cha ndani, kimeunganishwa. Mlango wa projekta, haukuunganishwa. Mlango wa televisheni ya zamani, ule unaoitwa SVIDEO, umeunganishwa. Nikaigeuza kompyuta, tukaitazama pande zote nne. Haikuwa na tundu la televisheni. Chipu yake imeumbwa na uwezo huo, lakini kiwanda hakikuweka tundu. Baada ya masasisho, kiini kipya cha mfumo, kile wenyewe wanachokiita keneli, kiliuliza kama televisheni ipo, chipu ikajibu ipo, na ukurasa wa kuingilia ukapelekwa huko. Kioo chetu kikaachwa kitupu kama chumba cha ziada.

Mashine haikufa. Ilikuwa ikionyesha kila kitu kwa uaminifu, ila kwenye kioo ambacho hakipo duniani.

Dawa yake ilikuwa neno moja kwenye mstari wa kuwashia: video=SVIDEO-1:d. Herufi ya mwisho inaamuru mlango huo ufungwe. Tukaiwasha tena, picha ikaja. Tukaliandika neno hilo katika faili la kudumu, /etc/default/grub, tukatoa amri ya update-grub, maana bila hivyo mashine husahau kila inapozimwa. Kazi yote ilichukua dakika arobaini, na kikombe cha chai kimo humo. Gharama, hakuna.

Sasa nije kwenye lawama.

Wa kwanza watasema namlaumu fundi. La hasha. Fundi yule ana watoto wa kulisha na kodi ya kibanda ya kulipa, na alichofundishwa ndicho alichokifanya: kubadilisha kifaa na kupiga Windows. Wala sisemi kwamba kompyuta hazifi. Zipo zinazokufa. Vumbi letu la Dodoma huziba feni, joto hupanda, na risasi inayoshikilia chipu huchoka ikapasuka. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika. Lakini kifo cha namna hiyo kina dalili zake: michirizi na vipande vya rangi vinavyoonekana hata kwenye nembo ya kiwanda, kabla mfumo wowote haujaanza, na vinavyojirudia hata ukiunganisha kioo cha nje. Anayejua dalili ana haki ya kutamka neno "imekufa". Asiyeangalia dalili anabahatisha kwa mali ya mwenzake.

Wa pili ninaowataja ni wenye viwanda. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuandika draiva, yaani programu ya kuiongoza kadi ya picha, ilimbidi kubuni kama kipofu anayepapasa tembo, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji walificha jinsi kadi zao zinavyofanya kazi. Kuna waliofungua mlango. AMD ilianza kutoa maelezo ya kadi zake mwaka 2007. Kuna waliokawia, watu wa kujitolea waliichambua kadi ya Nvidia hatua kwa hatua mpaka draiva yao, Nouveau, ikaingizwa katika keneli mwaka 2010, na mwaka 2012 Torvalds mwenyewe aliitukana kampuni hiyo hadharani huko Ufini. Ilifika mwaka 2022 ndipo Nvidia ikafungua sehemu ya draiva yake, nayo kwa kadi za karibuni tu. Na si kadi pekee. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mashine inayofanya kazi huambiwa imezeeka kwa tangazo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Nani ajuaye ni ngapi kati ya hizo zilizikwa zikiwa hai?

Hili ni kufuli la kwanza, na kulilaumu ni rahisi, kwa sababu waliolifunga wako mbali.

Lakini mimi sikuandika makala haya kwa ajili yao. Hebu turudi mezani pangu. Kilichomsumbua mpwa wangu hakikufichwa na kiwanda chochote. Maelezo ya milango ya picha yapo wazi, bure, kwa mtu yeyote duniani. Tangu mwaka 2009 keneli ilipoanza yenyewe kupanga picha kwa chipu za Intel, na kisha za wengine, njia ya kuifunga milango ya uongo imeandikwa na kurudiwa. Maarifa yalikuwapo. Yalikuwapo kwa Kiingereza. Binti yule, na fundi yule, walikuwa wamesimama mbele ya kioo cheusi wakati picha inaonyeshwa mahali pengine wasipoweza kupaona.

Nani basi amelifunga kufuli hili la pili? Sisi. Sisi tuliosoma.

Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima inayofundisha mambo ya kompyuta. Serikali imehamia, wizara zimejaa watu wenye shahada za fani hiyo. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na mashairi. Nami nauliza: baada ya makofi kuisha, nani kati yetu amewahi kuandika ukurasa mmoja, mmoja tu, unaomweleza fundi wa Majengo afanye nini kioo kikiwa cheusi? Tunakipamba Kiswahili kwa kanga za sherehe, kisha tunakiacha nje ya karakana.

Sikatai kwamba wapo waliojaribu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kazi ya heshima iliyofanywa wakati wengi walicheka. Lakini ile ilikuwa kazi ya menyu na vitufe, yaani ya siku ambazo mashine ina afya. Mashine inapougua, keneli hulalamika kwa Kiingereza, na mwongozo wa kuutafsiri ugonjwa huo kwa fundi wetu haupo kibandani kwake. Tulimfundisha mgonjwa kusalimia kwa Kiswahili. Hatukumfundisha daktari.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa Kiswahili hakina maneno. Jibu hili hutolewa na watu ambao hawajapata kukaa gereji. Nenda kwa fundi magari yeyote wa mji huu, mwenye elimu ya darasa la saba, umwambie gari linakohoa. Ataweka sikio. Atakuuliza linakohoa likiwa la baridi au likishapata moto, mlimani au tambarare. Atafungua plagi, aitazame rangi ya ncha yake, akwambie mafuta yanazidi au moto hautoshi. Plagi, kabureta, gia, klachi, silinda: hakuna aliyengoja kamati. Neno lilikuja na kifaa, likavaa sauti ya Kiswahili, likaanza kazi. Na maarifa yakashuka kutoka kwa fundi mkuu hadi kwa kijana anayeosha vyuma, kwa lugha wanayogombania na kutaniana. Ndiyo maana fundi wa gereji hasemi "gari limekufa". Husema "tatizo ni moja kati ya mawili". Kompyuta haikupita njia hiyo. Iliingia kwa cheti, kwa Kiingereza, na mwenye cheti akapanda juu akaiacha gereji chini.

Nitaambiwa pia kwamba mpwa wangu ni mwanachuo, Kiingereza anakijua. Anakijua, naam. Anaandika insha kwacho na kufaulu. Lakini kufikiri hatua kwa hatua usiku wa manane, moyo unadunda na Jumatatu inakuja, ni jambo jingine. Pale mezani tulifika kwa sababu nilimwambia, "Kama nembo inaonekana, basi kioo ni kizima," naye akamalizia mwenyewe, "Kwa hiyo tatizo liko mbele zaidi." Neno "kwa hiyo" ndilo lililoiokoa ripoti. Mtu huhitaji lugha ambayo "kwa hiyo" humtoka kabla hajaitafuta.

Na nitaambiwa, mwisho, kwamba wakati ni mali, anunue mpya. Anayesema hivyo ana mshahara. Kwa binti wa mkulima, laki mbili na nusu ni muhula wa kula.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunapaswa kulijua somo hili kuliko wengine. Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa matrekta na matingatinga kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga. Vyuma havikupungua. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza, au wao kuuliza, udongo ule hukauka vipi na mvua ya hapa huja kwa tabia gani, mambo ambayo Mgogo mwenye jembe la mkono aliyajua. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimeteketea. Mashine ilikuwa na lugha yake, ardhi na lugha yake, hapakuwa na mkalimani. Leo wakalimani wapo, tumewasomesha wenyewe kwa kodi zetu, nao wamekaa kimya.

Wala wenzangu wapenzi wa Linux wasijione wamepona. Tunajisifu kwamba mfumo wetu ni huru, kisha mtu akiuliza tunamjibu kwa kejeli, "Kasome mwongozo." Mwongozo upi? Kwa lugha ipi? Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux inayojulikana sana, ilichukua jina lake katika lugha za kusini mwa Afrika, na maana yake sisi hatuhitaji kutafsiriwa: ni utu. Uhuru wa kufungua sanduku ambalo maandishi yake huwezi kuyasoma ni uhuru wa mwenye kuweza, na hauna utu ndani yake.

Ninachodai si kikubwa. Sidai kamusi ya kurasa elfu. Nadai kila aliyesomeshwa kompyuta na nchi hii aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya ugonjwa mmoja anaoujua, kwa maneno ya gereji, na aubandike ukutani kwa fundi wa jirani. Mpwa wangu amekwisha kuandika wake. Aliwasilisha ripoti Jumatatu, na Jumatano akarudi mjini kwa fundi yule yule na karatasi yenye mistari saba. Nembo inaonekana? Kitufe cha herufi kubwa kinajibu? Umemulika tochi? Umejaribu ukurasa wa maandishi? Umejaribu kioo cha nje? Umejaribu keneli ya zamani kwenye orodha ya kuwashia? Umeokoa mafaili ya mwenyewe? Fundi aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akamwomba amwandikie nyingine, ya kompyuta zinazojizima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoambiwa kwamba ya kwako imekufa, usilie na usitoe pochi. Vuta kigoda, ukae, umuulize kwa adabu: "Umejuaje?" Akionyesha njia, mlipe, na umlipe vizuri. Asipoonyesha, ichukue mashine yako mwende nyumbani.